Dakika Kumi za Benchi

Sikutaka pete, sikutaka gari, sikutaka kupelekwa mahali pa kula kwa uma na kisu. Nilichokitaka asubuhi ile ni makalio ya mwanaume mmoja kwenye benchi la mbao, pembeni yangu, mbele za watu, kwa dakika kumi. Uniambie kama ni mengi.

Ngoja nieleze, maana shangazi yangu husema mwenye hasira huanzia hadithi katikati.

Kila mwaka kamati ya tamasha la mtaa wetu hutoa ruzuku kwa vikundi vya sanaa na vya kujitolea. Kwaya zinaomba, bendi zinaomba, wachora kuta wanaomba, na wale wanaowasomea vitabu wasioona. Sisi ni wa vikaragosi. Mimi ni fundi cherehani, na vitambaa vinavyobaki mezani navishona vinakuwa mamba, sungura, daktari mwenye kitambi. Shangazi, aliyestaafu ualimu wa chekechea, anavitolea sauti. Kila Jumamosi tunakwenda wodi ya watoto, tunawachekesha waliofungwa plasta mpaka manesi wanatufukuza. Jukwaa letu ni shuka la shangazi lenye tundu mbili, na mwaka huu tulikuwa tunaomba jukwaa la kweli na nafasi ya kuonekana kwenye tamasha.

Sasa kamati ile ina kanuni. Mjumbe akiwa na uhusiano na kikundi kinachoomba, iwe ndugu, mke au mchumba, anatamka mbele ya wenzake, anaandikwa, kisha anatoka nje kukaa kwenye benchi la koridoni mpaka kikundi kile kimalize kusikilizwa. Dakika kumi, basi. Kikundi hakipunguziwi kitu na mjumbe haulizwi kitu. Anakaa, anachezea simu, anaitwa, anarudi.

Katibu wa kamati alikuwa mpenzi wangu, mwaka wa pili ule. Na mwenyekiti alikuwa mama yake mzazi.

Jana yake mchana alikuja dukani kwangu, kapitia mlango wa nyuma, kama ilivyo desturi yake. Alikaa kwenye kigoda, akachukua futi yangu ya kupimia, akawa anaizungusha kidoleni. Ana macho yule mwanaume. Nikisema ana macho, nina maana akikutazama unasahau ulikuwa unashona mkono wa kulia au wa kushoto.

"Kesho," alisema, "ikifika zamu yenu, nitatamka."

"Utatamka nini?"

"Kwamba mimi na wewe..." Akaikaza futi kidoleni. "Kwamba nina uhusiano. Mbele ya mama, mbele ya wajumbe wote. Kisha natoka, nakuja kukaa na wewe benchi. Wakishaniona pale, mambo yamekwisha, hakuna la kuficha tena."

"Kwa hiyo unanichumbia kwa kanuni za tamasha?"

"Kanuni ya nne," alisema, akacheka. "Kifungu cha pili."

Nilicheka na mimi, mjinga mimi, mpaka nikajichoma sindano. Miaka miwili nilikuwa nikiambiwa acha kwanza mama apone mguu, acha kwanza mwaka uishe, acha kwanza tamasha lipite. Tukikutana njiani alikuwa akinisalimia kama anavyomsalimia muuza maji. Leo ananipa siku na saa. Nilimshika uso kwa mikono miwili nikambusu kwenye paji la uso.

Nilipomwambia shangazi, alisonya msonyo mrefu, ukaisha nikiwa nimeshakunja nguo mbili.

"Mwanaume aliyezoea mlango wa nyuma miaka miwili, leo atatokea wa mbele?"

"Shangazi, ameahidi."

"Na mimi niliahidi kupunguza sukari."

Basi asubuhi tukaenda. Benchi lilikuwa moja tu, refu, la rangi ya kijivu, chini ya ubao wa matangazo. Nilikaa katikati, shangazi na kapu la vikaragosi kuliani, na kushoto kwangu niliweka mkoba wangu ili asikae mtu. Nilikuwa nimevaa gauni nililolishona wiki nzima. Shangazi aliutazama mkoba, akanitazama mimi, akabetua midomo, akanyamaza. Na shangazi akinyamaza ujue ametukana.

Wa kwanza kutoka alikuwa mhazini, mtu mnene anayehema hata akiwa amekaa.

"Kwaya ya mke wangu," alisema huku akijipangusa jasho. Alisimama mbele yetu, mgongo ukiegemea ukuta. "Nimetamka, nimetoka. Nisingetamka leo ningelala wapi?"

Aliitwa, akarudi ndani. Shangazi akaniinamia sikioni.

"Umeona? Na kitambi chote kile, mlango umemtosha."

"Zamu yetu bado, shangazi."

"Sijasema kitu."

Mlango ukafunguka tena. Safari hii alitoka mwenyekiti mwenyewe, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, viatu vikigonga sakafu mpaka unahisi una kosa. Akasimama mbele ya mkoba wangu.

"Hapa pana mtu?"

"Shikamoo mama. Pana."

"Marahaba. Pana mtu au pana mkoba?"

"Anakuja, mama."

Aliuinua mkoba kwa vidole viwili, akaniwekea mapajani, akakaa. Alikaa pale pale, mahali pa mwanawe.

"Bendi ya mtoto wa dada yangu," alisema bila kuulizwa. "Wanapiga ovyo, lakini damu ni damu. Mtu akiwa na wake, anasema ana wake, anatoka." Akalichungulia kapu. "Nyinyi ndio wa midoli."

"Vikaragosi, mama."

"Mtu mzima na akili zako timamu."

Shangazi akaingilia. "Watoto wodini wanacheka sana, mwenyekiti."

"Watoto hata ukianguka wanacheka." Akanigeukia, akanitazama kuanzia kisigino mpaka nywele, kama mtu anayetafuta bei. "Wewe ndiye fundi wa pale karibu na duka la dawa. Binamu yangu alishona kwako. Gauni likifika kiunoni linakata tamaa."

"Mwambie siku ya kupimwa aache kubana pumzi, mama."

Shangazi akanifinya. Lakini mdomo wa yule mama ulicheza upande mmoja, kidogo sana, halafu ukarudi mahali pake.

"Katibu wetu ni mwanangu," alisema. "Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Kivipi?"

"Muulize yeye, mama. Mimi si msemaji wake."

"Nimemuuliza. Asubuhi wajumbe wote tumejaza fomu, kila kikundi na mstari wake. Kwenye mstari wa midoli ameandika 'hakuna uhusiano'. Kwa herufi kubwa. Ana mwandiko mzuri, nilimsomesha shule nzuri."

Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliukumbatia mkoba.

"Fomu ni karatasi," nilisema, na sauti ilinitoka nyembamba, si yangu. "Mtu anaweza kutamka kwa mdomo."

"Anaweza. Mpaka kikundi kinapoitwa, anaweza." Karani alikuwa amechungulia kumwita. Aliinuka, akanyoosha sketi yake, akanitazama tena. "Tutaona basi."

Aliingia. Mahali pale kushoto kwangu palikuwa na joto lake, na mimi nikaurudisha mkoba upesi upesi, nisije nikaambiwa nimepaachia.

"Twende zetu," alisema shangazi taratibu. "Tutawachezea watoto na shuka letu."

"Atatoka."

"Mwanangu..."

"Shangazi, atatoka!"

Karani akatoka na kuuacha mlango wazi nusu. "Vikaragosi, mjiandae." Tukasikia sauti ya mwenyekiti ndani, safi kabisa. "Kuna mjumbe mwenye uhusiano na kikundi kinachofuata?"

Nilisikia feni ya ndani ikizunguka.

"Nauliza tena. Kuna mjumbe mwenye uhusiano na kikundi hiki?"

Kiti kikakwaruza sakafu. Haki ya Mungu nilisimama. Nilisimama na tabasamu usoni, nikiwa nimeshautoa mkoba kwenye benchi. Kumbe alikuwa mhazini anavuta kiti aifikie chupa ya maji.

"Waiteni," alisema mwenyekiti.

Tukaingia. Katibu alikuwa ameketi mwisho wa meza, kalamu mkononi, anaandika. Hakukuwa na mtu aliyesema kitu, lakini yeye anaandika. Tukafunga shuka letu kwenye viti viwili, tukacheza ule mchezo wa mamba anayeumwa jino na daktari anayeogopa kuingiza mkono. Wajumbe walicheka. Mhazini alicheka mpaka akapiga meza. Mimi nyuma ya shuka nilikuwa natoa mikono tu, kichwa hakipo. Mikono ya fundi inajua kazi hata mwenyewe akiwa amekufa.

Tulipomaliza tukasimama mbele yao, shangazi mamba bado mkononi.

"Swali la mwisho, linaulizwa kwa wote," alisema mwenyekiti. Alivaa miwani yake. "Mwombaji, una uhusiano wowote na mjumbe wa kamati hii?"

"Naomba katibu ajibu kwanza, mwenyekiti," nilisema. "Yeye ndiye mtunza kumbukumbu."

Shingo zote zikageuka. Na yeye akainua macho, mara ya kwanza siku ile, macho yale yale. Nilimwomba kwa ya kwangu. Sema. Hata sasa sema, bado sijachelewa kukusamehe, nitasema ulishikwa na woga tu, binadamu ni binadamu.

"Tunafahamiana," alisema. Akakohoa. "Tunafahamiana... kikazi."

Kikazi! Siku alipomzika baba yake akaja kulia mapajani kwangu mpaka nikabadilisha sketi, ilikuwa kikazi. Alipougua nikamchemshia uji siku nne, nikaupitisha kwa mlinzi wa ofisi yao nikijiita mpeleka vifurushi, kikazi. Kila Alhamisi na kichwa chake begani kwangu, ananiambia mwanamke ni mimi, wengine wanajaza dunia tu. Basi nilikuwa kazini miaka miwili na sikujua.

Shangazi hakuweza kuvumilia. Lakini hakusema yeye, alisema mamba. Mamba alifungua mdomo polepole, akamgeukia katibu, na kwa ile sauti nzito ya tumboni akauliza, "Kikaaazi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Walidhani ni mchezo. Na yeye, katibu, mwanaume wangu, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona wote wanacheka, akacheka naye.

Hapo ndipo nilipomalizana naye. Aliposema kikazi niliumia, lakini maumivu nimeyazoea, nachomwa sindano kila siku. Alipocheka ndipo nilipomwona. Nilimwona jinsi alivyo, na shati lake lililopigwa pasi vizuri, anatafuta kwenye nyuso za watu ruhusa ya kucheka. Nikashangaa niliwezaje kumngojea mtu yule kwa miaka miwili.

"Na wewe, mwombaji?" aliuliza mwenyekiti.

Sikutaka kusema uongo mbele ya kamati, wale ni watu wazima na ruzuku ni ya umma. Kumpenda ni jambo jingine, hilo halina mstari kwenye fomu. Lakini uhusiano ni wa watu wawili, na mmoja nilikuwa mimi. Nikautafuta moyoni, nikaufunga, nikahakikisha umefungwa.

"Hakuna, mwenyekiti."

"Katibu, andika."

Akaandika.

Tulikuwa koridoni tunakunja shuka alipotoka mbio mbio na karatasi mkononi, anang'aa uso mzima.

"Mmepita! Wote wamenyoosha mikono, hata mama!" Alitazama nyuma kwanza, akashusha sauti. "Na ulivyosema 'hakuna' bila hata kupepesa! Mwigizaji wewe! Nilijua utanielewa. Sasa acha tu tamasha lipite..."

"Sikuigiza."

"Eh?"

"Sikuigiza mle ndani. Nilijibu swali."

Tabasamu lilibaki usoni, lakini macho yakaanza kupotea. "Fundi wangu..."

"Fundi wa nani?"

"Nilifanya kwa ajili yenu! Ningetamka, watu wangesema mmependelewa."

"Mhazini katamka. Mama yako katamka. Kuna aliyesema?"

"Wewe humjui mama."

"Namjua. Nimekaa naye dakika kumi. Nisiyemjua ni wewe."

"Na ni kweli," ilisema sauti nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. "Dakika kumi zinatosha kumjua mtu. Wewe nimekuwa nawe miaka thelathini na minne, leo ndio nimekuona."

"Mama, mimi nilikuwa namkabidhi tu..."

"Kila Alhamisi unarudi nyumbani na uzi kwenye suruali. Leo mwekundu, wiki ijayo wa kijani. Nani anayefua suruali zako? Nimenyamaza miaka miwili, nasema ni mtu mzima, siku moja atasema mwenyewe. Swali lile kanuni inataka liulizwe mara moja. Leo nimeuliza mara mbili."

Rangi ilimrudia usoni, mtu wa ajabu yule. Hakuona aibu, aliona upenyo. "Kwa hiyo, mama, ungekubali?"

"Nisingekubali! Simpendi huyu msichana. Mdomo wake mrefu na nguo zake zinabana. Ningegomba mwezi mzima, ningewaita wajomba zako wote." Akatweta kidogo. "Lakini ungetoka kwenye mlango ule ukakaa hapa, ningegomba nikijua nimezaa mtu."

Shangazi alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, hakunji wala hafungui. Mimi nilimtazama yule mwanaume, na nikiri tu, maana sitaki kudanganya, kulikuwa na pembe moja ya moyo wangu iliyosema labda. Palikuwa na hatua tatu kutoka pale aliposimama mpaka kwenye benchi. Angekaa, hata kwa kuchelewa, hata bila kusema neno, sijui ningefanya nini.

"Sasa..." alisema. "Sasa nifanye nini, mama?"

Mama. Alimuuliza mama.

Yule mwanamke alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki watu wajue.

"Rudi ndani," alisema. "Kuna vikundi saba havijasikilizwa."

Na akarudi. Aliambiwa rudi, akarudi. Alinipa karatasi yangu mkononi, akasema "tutaongea" kwa sauti ya chini, akampisha mama yake kwa adabu, akapita. Akaurudishia mlango taratibu usipige kelele.

Mwenyekiti hakuingia mara moja. Alinitazama, safari hii hakuanzia kisigino.

"Pole," alisema. Ilimtoka kwa shida. Kisha naye akaenda.

Kwenye ngazi wapiga ngoma walikuwa wanapanda na mizigo yao, wanagombana ni nani kasahau fimbo. Shangazi alimtia mamba kapuni, akafunika, akakaa benchini, akanivuta mkono nikae. Nilimngoja aseme "si nilikwambia." Alikuwa na haki nayo, alikuwa amekaa nayo tangu asubuhi.

"Haya, lia," alisema. "Lia haraka, wenzetu wanakuja, wanataka kukaa."

Nikalia. Nilijitahidi kuwa na haraka, lakini yalikuja mengi, ya miaka miwili, gauni langu likalowa kifuani, na kiongozi wa ngoma akasimama na mzigo wake kichwani asijue apite au arudi.

"Bado unampenda?" aliuliza shangazi, kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo haitumii kwa vikaragosi.

"Nampenda, shangazi," nilisema. "Nampenda, na simtaki."